Hija ya Miguu Huanza Wiki Nane Kabla ya Kuondoka

Kila mwaka tarehe 3 Juni umati wa Wakristo hukusanyika Namugongo, pembeni mwa jiji la Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wengi hufika kwa basi. Wako pia wanaofika kwa miguu, kutoka pande mbalimbali za Uganda, kutoka Kenya, na kutoka kwetu Tanzania. Mashahidi wenyewe walitembea njia ya mwisho ya maisha yao. Mwezi Mei 1886, baada ya kuhukumiwa na Kabaka Mwanga huko Munyonyo, walipelekwa kwa miguu hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto hapo.

Somo letu la mwezi huu ni kwa yule ambaye hajawahi kutembea safari ya siku nyingi, na mwaka huu ametaka jina lake liandikwe katika orodha ya mahujaji. Moyo wake uko tayari. Je, miguu yake iko tayari? Moyo wa ibada ni jambo jema, lakini haufanyi ngozi ya kisigino iwe ngumu, wala hauteremshi shinikizo la damu. Mwili hujifunza kutembea polepole, na huhitaji kupewa muda. Basi tuone jinsi ya kuupa muda huo.

1. FANYA HESABU YA SAFARI

Kutoka Bukoba kupitia Mutukula na Masaka hadi Namugongo ni kilomita 300 na zaidi kidogo. Mtu mzima mwenye afya, akiwa na mzigo mdogo na akitembea katika kundi, huenda kilomita 4 kwa saa. Kilomita 30 ni saa saba na nusu za kutembea. Ongeza mapumziko, ni kama saa kumi. Ukiondoka saa 12:30 asubuhi kumeshapambazuka, utafika saa 10:30 alasiri kabla ya giza. Kwa mwendo huo safari nzima ni siku kumi au kumi na moja, na katikati yake ni vizuri kuweka siku moja ya kupumzika.

Maana yake ni kwamba kundi huondoka karibu na tarehe 20 Mei. Wiki nane nyuma ya hapo ni karibu na tarehe 25 Machi. Watu wengi husema, "Nitaanza mazoezi baada ya Pasaka." Lakini kuna miaka ambayo Pasaka huangukia nusu ya pili ya Aprili. Ukiisubiri, unabaki na mwezi mmoja tu, na mwezi mmoja hautoshi kwa mtu ambaye hajazoea.

2. PIMA AFYA KABLA YA KUANDIKA JINA

Nenda zahanati au kituo cha afya mapema, umweleze mganga wazi kwamba unataka kutembea kilomita 30 kwa siku kwa siku kumi. Upimwe shinikizo la damu, sukari, na wingi wa damu. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda kama ni miaka mingi tangu uchanjwe, kwa sababu kidonda cha mguuni kinaweza kuwa mlango wa ugonjwa huo. Kwa kuingia Uganda unahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 cheti hicho huhesabiwa kuwa halali kwa maisha yote. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtu mwenye upungufu wa kinga wamwulize mganga kwanza kabla ya kuchanjwa.

Wenye magonjwa yafuatayo wasianze hata mazoezi bila ushauri wa mganga: ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa, selimundu, na kifua kikuu ambacho tiba yake haijakamilika. Mama mjamzito naye asitembee safari ya namna hii.

Hapa tuseme jambo moja bila kuficha. Wako watu ambao huficha ugonjwa wao ili wasikataliwe na viongozi wa msafara. Wako wengine ambao huacha dawa zao nyumbani, wakisema kwamba hija ni imani, na kumeza vidonge njiani ni kukosa imani. Jambo hili ni la hatari kubwa. Mwenye shinikizo la damu akiacha dawa siku kumi huku anatembea juani anaweza kupata kiharusi barabarani. Mwenye kisukari anaweza kuanguka na kuzimia. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU akizikatisha huvipa virusi nafasi ya kuzaliana tena na kuzizoea dawa. Kumeza dawa hakupunguzi hija hata kidogo.

Mweleze mwongozaji wa msafara, au angalau rafiki mmoja utakayetembea naye, ugonjwa ulio nao na dawa unazotumia. Siri ya mgonjwa ni yake, lakini mtu mmoja akijua anaweza kuokoa maisha. Beba dawa za siku za safari na za wiki moja zaidi, pamoja na cheti chako cha kliniki. Mwenye kisukari awe na sukari au pipi mfukoni mwake, siyo ndani ya begi.

Na kama mganga amesema hapana, basi jibu ni hapana. Panda basi, utawakuta wenzako Namugongo.

3. WIKI NANE ZA MAZOEZI

Mkulima anaweza kuuliza, "Mimi natembea kwenda shamba kila siku. Mazoezi ya nini tena?" Swali ni la haki. Anayetembea kila siku ana mwanzo mzuri kuliko karani wa ofisini. Lakini kwenda shamba kilomita tatu na kurudi jioni ni tofauti na kutembea kilomita 30 juu ya lami, na begi mgongoni, kisha kuamka kesho kufanya vilevile. Siku ya kwanza kila mtu huimba. Siku ya pili na ya tatu ndipo magoti, nyayo na mapaja yanapolalamika. Mazoezi yanaiandaa miguu kwa siku hizo.

Wiki ya 1 na ya 2: Tembea siku tatu kwa wiki, kilomita 5 kila mara. Jumamosi tembea kilomita 8 hadi 10. Usibebe mzigo bado.

Wiki ya 3 na ya 4: Siku nne kwa wiki, kilomita 6 au 7. Jumamosi ya kwanza kilomita 12, ya pili kilomita 15. Beba kilo 2 au 3.

Wiki ya 5: Siku za kawaida kama hapo juu. Jumamosi kilomita 18.

Wiki ya 6: Jumamosi kilomita 20, na Jumapili baada ya Misa kilomita 10. Hapa mwili unaanza kujifunza kutembea ukiwa umechoka.

Wiki ya 7: Jumamosi kilomita 25, Jumapili kilomita 15. Vaa viatu vilevile, soksi zilezile, na beba mzigo uleule wa safari.

Wiki ya 8: Punguza. Tembea mara tatu tu, kilomita 5 kila mara. Siku mbili za mwisho pumzika, ulale vya kutosha.

Mwendo wako uwe upi? Kipimo ni rahisi: uweze kusali Rozari kwa sauti bila kuhema. Ukishindwa kumaliza sala moja bila kuvuta pumzi kwa nguvu, unakwenda mbio mno. Ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio usiotulia hata baada ya kupumzika, acha mazoezi na umwone mganga. Ni heri jambo hilo lijulikane karibu na nyumbani kuliko katikati ya safari.

4. VIATU NA MIGUU

Kosa la kawaida kwa mgeni wa safari ni kununua viatu vipya kwa heshima ya hija na kuvivaa kwa mara ya kwanza siku ya kuondoka. Viatu vipya ni vya harusi. Kwa safari vaa viatu ambavyo umevitembelea wiki sita au zaidi. Raba nzuri yenye soli nene inatosha. Aliyezoea katambuga maisha yake yote anaweza kwenda nazo, lakini asiyezizoea asizijaribu njiani.

Nunua viatu mchana au jioni, wakati miguu imevimba kidogo, maana ndivyo itakavyokuwa safarini. Ukisimama, pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vya mguu. Kisigino kisichezecheze. Chukua jozi tatu za soksi: moja unavaa, moja inakauka juu ya begi, moja ni ya usiku. Chukua pia kandambili za kuvaa jioni ili miguu ipate hewa.

Kata kucha siku tatu kabla ya safari, kwa mstari ulionyooka. Kila jioni osha miguu kwa maji safi na sabuni, ikaushe hadi katikati ya vidole, kisha ikague. Paka mafuta ya mgando mahali panaposuguana, yaani visigino, katikati ya mapaja na kwapani.

Malengelenge hutokana na kusuguana, joto na unyevu. Kabla ya lengelenge kutokea, mahali pale huwaka moto na kuwa pekundu. Wakati huo simama, hata kama wenzako wanaendelea. Vua kiatu, kausha mguu, bandika plasta, badili soksi. Dakika tano hizo zinaweza kukuokolea siku tano.

Lengelenge dogo usilitoboe, lifunike tu. Lengelenge kubwa linalouma linaweza kutolewa maji hivi: nawa mikono, osha ngozi kwa sabuni, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni karibu na ukingo, kamua maji taratibu, uiache ngozi ya juu mahali pake, kisha funika kwa kitambaa safi. Usibandue ngozi ile, maana ndiyo bendeji bora kuliko zote. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa, aende kwa mganga. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mguuni, mitoki au homa, kidonda kimeingiwa na vijidudu. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

5. MZIGO

Mzigo wako usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 60 abebe kilo 6. Kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Hivyo ukibeba lita mbili za maji, zimebaki kilo nne kwa kila kitu kingine.

Vya lazima ni hivi: nguo mbili za kubadili, nguo za ndani, sweta, shuka au kanga, nailoni ya kujikinga na mvua, kwa kuwa Mei ni mwezi wa masika, kofia pana, tochi, chandarua chepesi chenye dawa, sabuni, karatasi za chooni, taulo za hedhi kwa akina mama, dawa zako, plasta na bendeji, chumvi na sukari kidogo, simu, fedha kidogo, hati ya kusafiria na cheti cha chanjo. Karatasi zote zifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Begi la mgongoni lenye mikanda mipana ni bora kuliko mkoba wa begani, ambao huvuta upande mmoja na kuumiza mgongo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo. Baada ya kupanga, vaa begi utembee nalo saa moja. Kisha lifungue tena na ujiulize juu ya kila kitu: nikikikosa kitu hiki, nitaugua? Kama jibu ni hapana, kiache nyumbani.

6. MAJI, CHUMVI NA CHAKULA

Anywe maji anayetembea juani, lakini kwa busara. Kwa watu wengi karibu nusu lita kwa kila saa ya kutembea kwenye joto hutosha, kwa mafunda madogo madogo. Utazame mkojo wako. Ukiwa wa rangi ya majani makavu, ni vizuri. Ukiwa wa njano iliyokolea na kidogo, ongeza maji. Ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, huo si uchovu wa kawaida. Misuli imeumia na figo ziko hatarini. Nenda hospitali.

Watu wengi hawajui kwamba hata maji yakizidi ni hatari. Anayekunywa lita nyingi za maji matupu bila kula, huku jasho likimtoka, hupunguza chumvi ya damu. Huumwa kichwa, hutapika, vidole huvimba, na baadaye huchanganyikiwa. Kwa hiyo kunywa na kula viende pamoja. Karanga zenye chumvi, ndizi za kupika, viazi, uji, ugali na maharage ni chakula kizuri cha msafiri. Usitembee ukiwa umefunga kula. Kama umezoea kufunga kwa nia fulani, mwulize padre wako nia hiyo itimizwe kwa njia gani nyingine.

Maji ya kunywa yawe yamechemshwa, au yametiwa dawa ya klorini kama maelezo yake yanavyosema. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Penye watu wengi wanaotumia vyoo vichache, kuhara husambaa upesi.

Ukianza kuhara na huna pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, unywe kidogo kidogo kila mara. Kuhara kukiwa na damu au kukiwa kama maji ya mchele, usiendelee na safari. Nenda kituo cha afya.

7. BARABARANI

Adui mwingine wa hujaji ni gari. Katika nchi zetu magari hupita kushoto. Basi wewe tembea kulia, ili uyaone yanayokuja mbele yako. Tembeeni mstari mmoja, siyo wanne wanne mkiimba katikati ya lami. Wa kwanza na wa mwisho wavae nguo za kung'aa na kushika kitambaa cheupe au chekundu. Msitembee usiku. Hata kama zimebaki kilomita tatu tu, giza likiingia ombeni mahali pa kulala.

Pumzikeni dakika kumi kila saa, na muda mrefu zaidi jua linapokuwa kali. Kundi liende kwa mwendo wa aliye dhaifu. Kundi linalomwacha mtu nyuma limepoteza maana ya kutembea pamoja.

8. USIKU NA MAJI YA ZIWA

Njia ya Masaka hupita maeneo ya mabwawa, na mbu ni wengi. Lala ndani ya chandarua, na jioni vaa nguo za mikono mirefu. Aliyezaliwa na kukulia milimani kwenye baridi ana kinga ndogo ya malaria, kwa hiyo amwulize mganga kuhusu dawa za kujikinga. Homa yoyote njiani, au katika wiki zinazofuata baada ya kurudi, ipimwe malaria mara moja.

Miguu iliyochoka hutamani maji baridi. Usiitumbukize katika ziwa wala katika mabwawa. Ziwa Viktoria lina kichocho, na mdudu wake huingia kupitia ngozi. Omba maji ya ndoo kwa wenyeji.

Kabla ya kuondoka sikiliza matangazo ya wizara za afya za nchi zote mbili. Uganda imepata milipuko ya Ebola mara kadhaa, ikiwemo ile ya 2022 na ya 2025, na mwaka 2020 hija ya watu wengi haikufanyika kwa sababu ya UVIKO-19. Ikitangazwa kusubiri, tusubiri.

9. DALILI ZA KUSIMAMA

Kiongozi wa kundi azijue dalili hizi kwa moyo. Akiziona, mtu huyo asitembee tena, atafutiwe gari:

- maumivu ya kifua, au kushindwa kupumua;
- kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka, au mwili kuwaka moto juani;
- mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla;
- kuanguka na kupoteza fahamu;
- mkojo wa kahawia, au kukosa mkojo siku nzima;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma.

Aliyezidiwa na joto alazwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa wakati gari linatafutwa. Asipewe kitu cha kunywa kama hana fahamu.

Kwa maumivu ya kawaida ya misuli, panadoli vidonge viwili vya miligramu 500 vinatosha, na visizidi vinane kwa siku. Usimeze diklofenaki au ibuprofeni ovyo ili uweze kuendelea kutembea. Dawa hizo kwa mtu aliyepungukiwa maji huumiza figo, na huficha maumivu ambayo yalikuwa yanakuonya.

TUKUMBUKE

Ndugu msomaji, wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hujaji mzuri hapimwi kwa malengelenge aliyovumilia. Afike salama, aweze kusali akiwa na akili timamu, na arudi kwa watoto wake akiwa mzima. Anza wiki hii na kilomita tano.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani wanaotaka kwenda kwa miguu mwaka huu, na ni lini watapimwa afya?
2. Tufanye nini ili mgonjwa asione aibu kusema kwamba anatumia dawa, au kwamba atakwenda kwa basi?
3. Nani atatembea pamoja nao Jumamosi za mazoezi, hata kama yeye hatakwenda Namugongo?